Habari Ambayo Hakuna Aliyeirusha

Siku waliponiaga pale idarani, kijana mmoja aliyefundishwa na wanafunzi wangu alisimama akasema, "Mwalimu, tuachie mbinu." Nilicheka. Mbinu mnazo kwenye kompyuta zenu, tena nzuri kuliko zangu. Nilichonacho mimi ni watu niliokaa nao. Sasa nimerudi kwetu Tanga, asubuhi napalilia mchicha wangu, mchana sina wa kunisumbua, nikaona niandike hili moja kabla kichwa hakijaanza kunidanganya. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Anayeyataka aende masjala.

Kazi yangu ilikuwa sayansi ya siasa, na ndani yake kitu kimoja tu: kujua maneno ya siasa yanavyotoka kwa mtu yakamfikia mtu, na yanamfanya nini yakishamfikia. Nilianza zama za redio za mbao na betri kubwa. Mwalimu wangu wa kwanza kazini, Mwalimu Damas, mtu mkavu asiyejua kusifu, alinituma kijijini nikaone nyumba zipi zina redio. Nikaenda, nikazunguka na jua, nikarudi na majedwali yamepangwa hadi yanapendeza. Akayatazama, akauliza, "Nani anaruhusiwa kuizima?"

Nikamkodolea macho. "Kuizima vipi, Mwalimu?"

"Redio inaongea. Nani humo ndani anaweza kunyoosha mkono akaizima, na wengine wasinung'unike? Hujui? Basi hujafika kijijini. Rudi."

Nilirudi nimenuna njia nzima. Lakini niliyoyaona safari ile ya pili ndiyo yaliyonifanya mtafiti. Kulikuwa na nyumba baba ndiye mwenye redio lakini bibi ndiye anayeizima, na taarifa ya habari ilisikika mpaka pale bibi alipotaka isikike. Tangu hapo sikuuliza tena nani ana chombo bila kuuliza nani ana amri nacho. Jambo jingine alilonifundisha Mwalimu Damas ni kufunga mdomo. Ukiulizwa "na wewe unaonaje?", jibu ni "mimi nimekuja kuuliza." Siku utakayosema chama hiki kizuri au habari ile ya uongo, alisema, umeacha kazi ya utafiti na umeanza kampeni, na wenyeji watajua kabla yako. Kanuni hiyo niliishika miaka yote. Iliniponza mara moja tu, na ndiyo hiyo ninayotaka kuwasimulia.

Vifaa navyo vilibadilika. Nilianza na kinasa sauti cha kaseti, kizito kama tofali, betri zake tukizianika juani zikilegea ili zimalizie mahojiano. Kikaja kidogo cha mfukoni. Halafu simu za kupapasa zikaingia, na ghafla kila mtu akawa na kinasa sauti chake, gazeti lake na mkutano wake wa hadhara. Wenzangu wengine walikaa ofisini wakaanza kuhesabu maandishi ya mtandaoni kwa kompyuta. Sikuwacheka. Ila nilijiuliza: na huyu asiyejua kusoma, asiye na simu, siasa ya mtandaoni haimfikii?

Jibu nililipata Kigoma. Nilifika wakati watu wa Burundi wanavuka kwa wingi, kijiji cha Kagunga pale mpakani kimejaa hadi ufukwe hauonekani, mlima nyuma, ziwa mbele, barabara ya gari hakuna. Meli kongwe ilikuwa inawachukua kidogo kidogo kuwaleta mjini, wanalazwa kwenye uwanja wa mpira, halafu mabasi yanawapandisha kupitia Mwandiga kwenda makambini. Siku yangu ya kwanza nilisimama bandarini nikitazama wanavyoshuka. Kuna waliokuwa na godoro, kuna waliokuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na kuna waliokuwa hawana kitu kabisa ila simu, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kufichwa kifuani. Bwana mmoja mwenye kizibao cha kazi akaguna, "Wakimbizi gani hawa wana simu?" Ala! Kwani wewe nyumba yako ikiwaka moto utatoka na kabati? Sikumwambia, mgeni hagombi siku ya kwanza, lakini lilinikaa rohoni.

Nilipanga chumba Bangwe, karibu na maji, na chuo kikanipa ruhusa ya kufanya kazi kambini. Mkalimani wangu alikuwa Yakobo, Muha wa Mwandiga, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mrefu, mpole, mpenda samaki mgebuka wa kukaanga kwa mawese kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Kiha chake na Kirundi cha wale watu vinasikilizana, kwa hiyo hakuna aliyemwona mgeni. Mimi nilimwita Kaka Yakobo, yeye akaniita Daktari, na kwa sababu hiyo mara mbili tatu nililetewa watoto wenye homa. Nikawa nawapeleka zahanati mwenyewe, kuliko kusimama kueleza daktari wa siasa anatibu nini.

Kambini tulikuwa tunakaa karibu na kibanda cha kuchaji. Paa lake lilikuwa la sola, chini mbao zimejaa waya na simu, na mbele mabenchi. Pale ndipo nilipoelewa. Sisi kwenye maandiko yetu tulikuwa tunaandika "ujumbe wa sauti". Wao waliita voisi. Mmoja mwenye bando anapokea voisi kwenye kundi la watu wa mkoa wao, anaifungulia kwa sauti ya juu, na benchi zima linasikiliza: mama aliyeleta simu ya mumewe, mzee asiyewahi kumiliki simu, wasichana wanaotoka bombani na madumu. Ikiisha, watu wananyamaza kidogo. Mzee mmoja atasema neno, labda "hm", labda "huyu namjua baba yake." Baada ya hapo ndipo wengine wanasema, "Nirushie." Mzee akikaa kimya sana, voisi inakufa palepale. Kompyuta za wenzangu zilikuwa zinaona simu moja. Mimi nilikuwa naona baraza.

Nikaamua kufuata voisi moja tu, toka inapoingia mpaka inapoishia. Nikachagua iliyokuwa moto siku zile. Ilikuwa sauti ya mwanaume, ametulia, anaongea Kirundi taratibu. Yakobo alinitafsiria hivi: "Salvatori, ni mimi Anatoli. Huku mlimani kwetu hakuna shida. Shamba la bondeni nimelilima, migomba yako imesimama. Watu wanarudi. Mama anakuulizia kila siku, anasema hataki kufa hajakuona. Njoo na watoto."

Basi. Mtu wa mlima fulani, maana Burundi mlima ndio kijiji, anaongea na ndugu yake. Lakini ilikuwa imeingia kwenye makundi wakati wa kuandikisha majina ya watu wanaotaka kurudi kwao kwa hiari, na ikageuzwa bendera. Waliotaka watu warudi waliituma pamoja na maneno, "Sikieni wenyewe, amani ipo." Waliopinga waliituma vilevile, sauti ileile, na maneno yao: "Huyo ameshikiwa bunduki, sikilizeni anavyotetemeka." Mimi sikusikia kutetemeka. Watu walikuwa wanaichezesha kwenye simu moja na kuinasa kwa nyingine, kwa hiyo kila nakala ilikuja na kelele zake: huku mtoto analia, kule mvua juu ya turubai. Tarehe ya kurekodiwa haikujulikana. Niliyafuata makundi, nikachora mishale, nikafurahia kazi yangu. Sikufikiri hata mara moja kwamba Salvatori ni mtu.

Alikuwa mtu, na alikuwa anakaa kambi ileile. Nililetewa habari zake na mkewe. Tulikuwa tumekaa pale mbele ya kibanda, mchana, mabenchi yakiwa matupu, akaja mama mwembamba amejifunga kitenge cha bluu, akasalimia, akasimama. Yakobo akamkaribisha kiti. Jina lake Leokadia. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, alisomea nchini kwetu utotoni, katika ukimbizi wa wazazi wake. Yaani huyu alikuwa mkimbizi mara ya pili katika maisha yaleyale.

"Wanasema wewe unajua voisi," akaniambia.

"Najifunza, mama."

"Ile ya Anatoli. Anatoli ni shemeji yangu. Salvatori ni mume wangu." Akasogeza kiti karibu. "Nataka umwambie mume wangu kwamba ni ya zamani."

Nikaketi vizuri. "Ni ya zamani?"

"Wewe mwambie tu. Wewe ni daktari, atakusikia. Ameshaandikisha majina yetu, mimi na watoto wote. Basi linaondoka wiki ijayo."

"Na wewe hutaki kwenda."

"Kaka yangu alichukuliwa pale mlimani mchana kweupe. Mpaka leo hatujui alipolala. Niwapeleke wanangu huko kwa sababu ya voisi?"

Nikamjibu nilivyofundishwa. Nikamwambia siwezi kusema voisi ni ya kweli au ya uongo, ya jana au ya mwaka juzi, kwa sababu sijui, na hata ningejua, kesho kambi nzima ingesema yule mama wa chuo anazuia watu kurudi. Niliyasema kwa upole, na kwa kila neno nilimwona anavyozidi kukata tamaa. Nikamuuliza, "Wewe umejuaje kwamba ni ya zamani?"

Alimtazama Yakobo, akasema kitu kwa Kirundi, chini chini, akaanza kulia bila sauti. Yakobo alivua kofia yake.

"Anasema mama mkwe amefariki," Yakobo akanieleza. "Amekufa kabla ile voisi haijasikika hapa kambini. Salvatori hajui."

Loh! Nikauliza swali la kipumbavu, swali la mtu wa mjini: "Kwa nini usimwambie?"

Leokadia akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hatembei uchi. Ni Yakobo aliyenieleza, na alinieleza kwa subira kama anafundisha darasa la pili. Kwa watu wale, na hata kwa Waha wenyewe, habari ya kifo cha mzazi haipelekwi na mtu mmoja, wala haipelekwi kwa simu. Na mke ndiye wa mwisho kabisa kuitoa kinywani mwake. Wanakuja wakubwa wa ukoo au wa mlima wenu, wanakuja pamoja, wanaketi, na nyuma yao wanawake wameshaweka maji na kuni, ili yule mtu akianguka, aangukie mikononi mwa watu. Kumwambia mtu peke yake ni kumtupa. Mke akimwambia mumewe ndani ya turubai, "mama yako amekufa," ni sawa na kumtukana.

Leokadia aliisikia bombani, kwa mwanamke aliyevuka majuzi kutoka mlima wao. Siku hiyo Salvatori alikuwa kitandani na homa ya matumbo, Leokadia akaona amngoje apone. Alipopona, akangoja wakubwa waje. Hawakuja. Kadiri siku zilivyopita ndivyo habari ilivyozidi kuwa nzito, maana angeulizwa, jana ulikuwa wapi? Halafu ndipo voisi ikaibuka, na Salvatori akasikia jina lake linaitwa mbele ya benchi zima. Tangu hapo ameisikiliza hadi ameikariri. Anatoli mwenyewe hapatikani, namba yake imekufa. "Mama ananingoja," ndilo neno lake asubuhi na jioni. Anawafundisha watoto namna ya kumsalimu bibi yao.

"Na mimi napika," Leokadia akasema. "Namtilia maharage, nanyamaza."

Niwaambie ukweli, siku ile nilichukia kazi yangu. Nilikuwa na mishale ya voisi ile toka kundi la kwanza hadi la mwisho, na mtu aliyekuwa katikati yake alikuwa anajiandaa kuwapeleka watoto wake kwa marehemu. Lakini hata kwa hasira ile sikuona namna ya kwenda kumwambia Salvatori voisi ni ya zamani. Angeuliza kwa nini, na ningelazimika ama kumdanganya ama kumpa msiba peke yake na kuvunja mila zake. Yakobo ndiye aliyesema, akikunja kofia yake magotini, "Daktari, wewe kazi yako ni voisi, iache. Hapa kuna msiba ambao haujapelekwa. Tuupeleke."

Tukamuuliza Leokadia kama anakubali. Akaitika kwa kichwa. Akataja jina la Bonifasi, katekista wa mlima wao, mzee aliyevuka siku za karibuni.

Tulimkuta Bonifasi anakata fito za kibanda. Yakobo alimsalimu, wakaulizana hali za watu na mvua na mgao wa chakula, mpaka nikaona hawatafika kwenye jambo lenyewe. Hatimaye Yakobo akamuuliza kuhusu mama yake Salvatori. Mzee aliweka panga chini.

"Nilimwombea mimi mwenyewe kaburini," akasema.

"Na mwanawe hujamwambia?"

"Nilidhani ukoo wake wameshamwambia. Halafu nikamwona anacheka, nikajua hajaambiwa. Nikasema mkewe ataanza kutuita. Hakutuita." Akajipangusa uso. "Wote wa mlima wetu walioko hapa wanajua. Kila mtu anamngoja mwenzake."

Penye wengi pana mengi, wahenga walisema, na huku kwa wengi pakakosekana moja. Hapo nikaelewa jambo ambalo halimo kwenye mbinu zenu wala zangu. Kambi ile habari ya mbuzi aliyeibwa ilikuwa inafika upande wa pili kabla mbuzi hajachinjwa. Kila mtu wa mlima ule aliye na simu alikuwa ameirusha voisi ya Anatoli. Na watu walewale, kwa simu zilezile, hakuna hata mmoja aliyerusha habari ya kifo, kwa sababu walikuwa na adabu. Uongo haukuwepo. Aliyekaa kimya alikaa kwa heshima, na ile heshima ndiyo iliyokuwa inampakia mtu na watoto wake kwenye basi. Sisi watafiti tulikuwa tunapima kinachorushwa. Kinachozuiliwa tulikuwa hatukipimi. Mkitoka na jambo katika maandishi haya, tokeni na hilo, na sasa niacheni nimalize.

Bonifasi alikusanya wakubwa wa mlima asubuhi iliyofuata, baada ya sala. Wanawake walitangulia na madumu ya maji wakajifanya wanapita. Yakobo aliniambia nije, nikae nyuma na akina mama. Nilijifunga khanga yangu kichwani nikakaa. Salvatori alikuwa nje anakaza kamba ya furushi, furushi la safari. Mwanaume mfupi, mabega mapana, ana tabasamu la mtu anayeondoka. Akatuona tunakuja, wazee wale wamebeba viti vyao wenyewe mikononi. Watu hawabebi viti kwenda kutembea. Tabasamu likamtoka.

"Ni nani?" akauliza.

"Keti kwanza, mwanangu," Bonifasi akasema.

"Nimeuliza ni nani."

"Keti."

Akaketi juu ya furushi lake. Bonifasi alivua kofia, wengine wakavua. Aliongea Kirundi polepole na sikuhitaji tafsiri. Nililisikia neno mama, nikamwona Salvatori anatikisa kichwa, oya, oya, yaani hapana, halafu akasema kwa Kiswahili, akinitazama mimi ambaye hakuwahi kunijua, kana kwamba mgeni ndiye atakayemtetea: "Si ananiulizia? Si mmesikia wote? Ananiulizia kila siku!"

Akina mama wakaanza kulia, na mimi nikalia nao. Sikuwa na haja ya kujizuia, wala sikujizuia.

Alipotulia aliuliza ilikuwa lini. Wakamwambia majira, wakati wa kupanda maharage. Alihesabu kimya, midomo inacheza. Kisha akamgeukia mkewe. "Na wewe?"

"Nilijua," Leokadia akasema.

"Nilipokuwa nawafundisha watoto kumsalimu?"

"Nilijua."

Salvatori aliinuka akaingia ndani ya turubai. Hatukusogea. Nilimtazama Leokadia, amekaa chini, mikono imelegea mapajani kama si yake, na niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kumwogopea mtu. Bonifasi akasema kwa sauti ili asikike ndani: "Mkeo hakuwa na haki ya kukwambia. Sisi ndio tuliokuwa na haki hiyo, na sisi ndio tuliochelewa. Ukitaka kukasirika, tuko hapa." Mume akatoka, amenawa uso, akaja kuketi chini kando ya mkewe. "Ulikuwa unayabebaje yote haya?" akamuuliza, nami nilimshukuru Mungu.

Walikaa matanga kwa namna ya kambini: uji, maharage ya mgao, nyimbo za kanisani. Pombe ya ndizi haikuwepo na kila mzee aliomba radhi kwa hilo. Yalipoisha, Salvatori alikwenda ofisini akaomba majina yao yaondolewe kwenye safari. Karani alimuuliza sababu, maana waliopinga kurudi walikuwa wameshaanza kusema kwamba amegundua amani haipo, nao waliotaka watu warudi wakisema kwamba amenunuliwa. Akamjibu, "Nitakwenda siku nitakayoitwa na aliye hai." Wapo waliotaka hata hilo liwe siasa. Hakuwapa nafasi.

Baadaye alikuja pale kibandani akaniomba nimsaidie kumtafuta Anatoli. Hilo halikuwa na kampeni ndani yake, nikakubali. Alinasa voisi yake: ndugu yangu, habari ya mama nimeipata, tumekaa matanga huku, nitafute. Tuliirusha kwenye makundi yaleyale. Mkitaka kujua, ilikwenda mwendo wa kobe. Haikuwa na wa kuipigania. Watu waliisikia, wakasema pole, wakaiacha. Nilishaanza kufunga mizigo ya kurudi chuoni Anatoli alipojitokeza kwa namba mpya. Alieleza kwamba voisi ile aliinasa mama yao akiwa mzima, akamtumia binamu wa kambi nyingine amfikishie Salvatori, na binamu hakujua Salvatori yuko wapi. Nani aliyeiweka makundini hakujua. Kisha akasema ile aliyoinasa mwenyewe bado anayo kwenye simu ya zamani, kama ndugu yake anaitaka.

Ilipofika tulikuwa barazani, mchana, Salvatori na Leokadia kwenye benchi, mimi na Yakobo kwenye viti. Salvatori aliifungulia. Nilikuwa naijua neno kwa neno. Migomba imesimama. Watu wanarudi. Mama anakuulizia. Njoo na watoto. Hapo ndipo zilipoishia nakala zote nilizokuwa nazo, na nilikuwa nazo nyingi. Lakini hii haikuisha. Mlango ukalia. Kuku. Kisha sauti ya bibi kizee, mbali kidogo na simu, Yakobo akanitafsiria kwa kunong'ona:

"Unaongea na nani? Ni Salvatori?"

"Hapana, mama. Namtumia maneno tu."

"Muulize kama amekula."

Ikakatika. Walioinasa upya walikuwa wameiacha sehemu ile kwa sababu haikuwafaa kwa lolote.

Salvatori alikaa na simu mapajani. Leokadia akamshika mkono. Mumewe akairudisha voisi nyuma kidogo, akaisikiliza tena sehemu ile peke yake, mlango, kuku, mama. Ilipofika mwisho aliisogeza simu mdomoni akasema kwa sauti kubwa, kama tunavyopaza sauti wote mtandao ukiwa mbaya:

"Nimekula, mama. Nimekula."